Jurati: mistari mitatu inayoangusha hati ya kiapo

Kila Wiki ya Sheria, banda letu hapa Dar es Salaam hupata swali lilelile: jurati ndiyo nini, na mbona wakili wangu huitamka “jura”, kama Mfaransa? Jurati ni ile mistari ya mwishoni mwa hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoyaapia; inasema umeapa wapi, lini na mbele ya nani. Na wakili amekosea. Jurat ni neno la Kiingereza lenye asili ya Kilatini. T ya mwisho husikika, na mkazo uko mwanzoni: JUU-rat. Sisi tukiongeza i, mkazo unahamia katikati, ju-RA-ti. Hilo si kosa, ndivyo Kiswahili kinavyopokea wageni.

Shina ni jurare, kuapa. Kilatini hubadili mwisho wa neno pale sisi tunapobadili mwanzo: juratus ni aliyeapa, juratum ni kilichoapwa. Ni m- na ki- zetu, ila zimefungwa mkiani. Waingereza wakakata mikia yote miwili, ndiyo maana kisiwani Jersey Jurat ni mtu, mwamuzi asiye mwanasheria, na kwetu ni maandishi.

Maandishi yenyewe ni haya: “Kimeapwa hapa Dar es Salaam, leo tarehe fulani, mbele yangu.” Siyo uthibitisho, jamani! Uthibitisho ni pale unaposema aya zako ni za kweli kwa ufahamu wako. Tumelieleza hili mpaka sauti zimekauka. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, kinamtaka kamishna, yaani anayekuapisha, aandike mahali na tarehe. Marekebisho ya 2016 yakaongeza jina lake.

Mama mmoja alituletea kiapo kilichochapwa steshenari ya Posta. Jurati ilisema “hapa Arusha”. Arusha hajawahi kufika. Mchapaji alifungua faili la mteja mwingine, akabadili majina, mji akausahau. Pingamizi likiwekwa, hati kama hiyo inaweza kuondolewa: unaandika upya, unaapa upya, unalipa upya, na muda ukiwa umepita unaanza na maombi ya kuongezewa muda. Saini nayo usiitie nyumbani. Itie mbele ya kamishna. Na anayeapa uongo kwa ajili ya shauri, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaweza kumfunga hadi miaka 7.

Mama tulimrudisha akaandikiwe upya. Safari hii alisimama nyuma ya mchapaji, miwani puani, hadi karatasi ya mwisho ilipotoka kwenye printa.