Challenger si Chalenji: dhana potofu kuhusu daraja la pili la tenisi ya kulipwa

Ukilitaja neno Challenger kwenye kijiwe cha kahawa Kariakoo, au hata kwenye viti vya pembeni mwa viwanja vya tenisi pale Gymkhana, msikilizaji wako atalifikiria kwanza Kombe la Chalenji, yale mashindano ya CECAFA yanayozikutanisha timu za taifa za soka za ukanda wetu. Kosa hilo ni dogo na husahihishwa kwa sentensi moja: Challenger ya tenisi si kombe moja, bali ni mfululizo wa mashindano zaidi ya 150 kwa mwaka katika miji mbalimbali duniani, chini ya ATP, chombo kinachosimamia tenisi ya kulipwa ya wanaume. Juu yake yapo mashindano makuu ya ATP pamoja na yale manne makubwa kama Wimbledon, na chini yake yapo mashindano madogo ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi.

Kosa kubwa zaidi hutokana na mazoea yetu ya soka. Wengi huamini kwamba, kwa kuwa hili ni daraja la pili, mchezaji aliyemo amefungwa humo kama timu ya Championship inavyokaa msimu mzima ikisubiri kupanda Ligi Kuu. Katika tenisi hakuna kupanda wala kushuka daraja kwa namna hiyo. Kila mchezaji hujiandikisha wiki kwa wiki katika mashindano ambayo nafasi yake katika orodha ya ubora duniani inamruhusu kuingia, hivyo anaweza kutolewa raundi ya kwanza ya mashindano makubwa ya Australia mwezi Januari, na baada ya siku chache akawa anacheza Challenger katika mji mdogo wa Ulaya. Kinachompandisha au kumshusha ni pointi, nazo huishi kwa majuma 52 tu. Aliyetwaa ubingwa wa Challenger 75 hupata pointi 75, kwa maana namba iliyo kwenye jina la shindano ndiyo pointi za bingwa, kuanzia 50 hadi 175; lakini wiki kama hiyo mwaka unaofuata pointi hizo humtoka zote, na asipozifidia huporomoka hata kama hakufanya kosa lolote. Kwa kulinganisha, bingwa wa Wimbledon huzoa pointi 2,000.

Husemwa pia kwamba humo wamejaa vijana wasiojulikana na wazee waliochoka. Vijana wamo, ni kweli, ila baadhi yao hawakai bila kujulikana kwa muda mrefu. Mwezi Februari 2019, kijana wa Kiitaliano mwenye umri wa miaka 17, aliyekuwa nafasi ya 546 duniani na aliyeingia kwa mwaliko wa waandaaji, alitwaa ubingwa wa Challenger ya Bergamo. Kijana huyo ni Jannik Sinner, ambaye Juni 2024 alishika namba moja duniani. Kuhusu wazee, Andy Murray, bingwa mara mbili wa Wimbledon, alikwenda Aix-en-Provence nchini Ufaransa Mei 2023 akiwa na umri wa miaka 35 na nyonga ya chuma, akacheza Challenger 175 na kumshinda katika fainali Tommy Paul, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa 20 bora. Sioni uchovu hapo.

Ratiba ya mchezo wa mmoja kwa mmoja nayo huzaa dhana zake. Kwa kawaida droo kuu ina wachezaji 32, na bingwa hulazimika kushinda mechi tano, kila moja ikiamuliwa kwa seti mbili kati ya tatu. Wapo wanaodhani kwamba wanane waliopangiwa namba za ubora wamependelewa kwa kuruka raundi ya kwanza; hapana, katika droo hiyo ya 32 nao huanza raundi ya kwanza kama wengine, na faida yao pekee ni kutenganishwa ndani ya droo, ili wa kwanza na wa pili wasikutane kabla ya fainali. Watatu huingia kwa mwaliko, na sita hutoka kwenye mchujo wa watu 24, ambao kwa kawaida huchezwa Jumapili na Jumatatu. Aliyetoka kwenye mchujo akitaka kombe, basi, atashinda mechi saba.

Lakini linalowashangaza watu kuliko yote ni kumwona mtu aliyekwisha kushindwa kwenye mchujo akiingia uwanjani katika droo kuu, na hapo hapo utasikia neno la kubebwa. Hakubebwa. Mchezaji wa droo kuu akijitoa kwa sababu ya jeraha au ugonjwa, nafasi yake hupewa mmoja wa walioshindwa katika raundi ya mwisho ya mchujo, mradi awepo na ajiandikishe kwa wakati. Kanuni ni hiyo hiyo katika mashindano makubwa, na Marco Trungelliti wa Argentina ameionesha vizuri kuliko mtu yeyote: mwaka 2018 alishindwa kwenye mchujo wa Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa, akarudi Barcelona, kisha akasikia kwamba nafasi imepatikana, akakodi gari akiwa na bibi yake, mama yake na mdogo wake, wakaendesha kwa takribani saa kumi hadi Paris, na kesho yake akamshinda Bernard Tomic.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Bingwa wa Challenger 50 huondoka na dola elfu chache, na anayetolewa raundi ya kwanza hupata dola mia kadhaa, bila pointi ya ushindi hata moja. Waandaaji humpa chumba cha hoteli; tiketi ya ndege, mshahara wa kocha na nyuzi za raketi ni juu yake.

Ipo pia dhana kwamba mashindano haya ni ya mbali na hayaonekani bila kulipia king'amuzi. Mechi za Challenger hurushwa bure mtandaoni na ATP, gharama yako ikiwa ni bando tu. Na wala hayako mbali: mwaka 2024 Kigali iliandaa Challenger mbili mfululizo kwenye viwanja vya udongo, ya kwanza akaitwaa Kamil Majchrzak wa Poland kwa kumshinda Trungelliti yule yule, na wiki iliyofuata Trungelliti naye akatwaa ya pili. Anayetaka kufuatilia kutoka Dar es Salaam akumbuke tu kwamba Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo mechi iliyopangwa saa nne asubuhi ya kule huanza saa tano ya huku.