Mchungwa haugeuki mlimau

Masika yakikaribia, wakulima wa Ganda, Gede na Langobaya, kaunti ya Kilifi, hutuletea lalamiko lile lile: mche wa mchungwa walionunua "umegeuka" mlimau. Mti haugeuki. Mche huo ni jicho, yaani chipukizi changa, la mchungwa lililopandikizwa kwenye shina la mti mwingine. Jicho hilo lilikufa au lilizidiwa nguvu, na shina la chini, ambalo aghalabu ni mlimau wa ngozi ya makunyanzi, likachipua likatwaa nafasi. Chipukizi lolote chini ya kiungo, yaani mahali jicho lilipopandikizwa, linyofoe kwa mkono lingali laini. Tumeshalisema hili mara nyingi.

Kwa anayepandikiza mwenyewe, shina liwe nene kama penseli, limwagiliwe siku chache kabla ili gome lifunuke bila kuchanika. Gome likigoma, ahirisha. Chanja umbo la T iliyopinduliwa, maji ya mvua yasiingie, sentimita 20 hadi 30 kutoka chini. Karibu zaidi na udongo, vimelea vya uozo hurushwa na matone hadi kwenye kiungo. Chonga jicho na gome lake, urefu wa sentimita 2 hivi. Lishike kwa kikonyo cha jani, usiguse upande uliochongwa, lisukume kuelekea juu, kisha funga kwa utepe wa nailoni kuanzia chini. Fungua baada ya wiki 3: la kijani limeshika, la kahawia limekufa, rudia upande wa pili wa shina.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni mti mama, yaani ule unaotoa macho. Kukata vijiti vyenye macho kwa jirani kwa sababu tu machungwa yake ni matamu ni hatari, kwani mti waweza kubeba ugonjwa bila dalili, na jicho huuhamisha mzima mzima. Majani yenye mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za mshipa wa kati, na matunda madogo yaliyopinda, ni dalili za ugonjwa usio na tiba. Kuchovya jicho kwenye dawa hakusaidii kitu! Ulizia vijiti KALRO, kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa, na kisu kipanguse kwa spiriti kila uhamapo mti.

Wauzaji wa miche wakumbuke kwamba kitalu husajiliwa na kukaguliwa kabla ya kuuza, si baada ya malalamiko. Mkaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, akikuta miche yenye ugonjwa anaweza kuamuru iteketezwe, na kukaidi agizo hilo ni kosa kisheria. Mnunuzi naye adai risiti yenye jina la kitalu, aina ya mchungwa na tarehe. Bila hiyo hatuna pa kuanzia kufuatilia.