Saa Iliyosimama Kwenye Droo Si Mbovu

Mwezi huu pekee ni mara ya tatu naletewa saa ya otomatiki iliyosimama. Jumamosi iliyopita aliingia bibi arusi ambaye hina ya mikononi bado haijafifia, akaiweka saa juu ya meza yangu taratibu kama anayeshusha yai, halafu akanyamaza. Nikamwambia, "Karibu dada, kuna nini?" Akasema, "Fundi, niambie ukweli tu, usinionee haya. Nimeuziwa feki?"

Saa hiyo alimpa mumewe siku ya nikaha, hapa Kibuli, Kampala, mbele ya wazee wa pande mbili. Aliiwekea pesa miaka miwili. Ni ya Uswisi, otomatiki, chuma cha pua, uso mweupe. Mume ni fundi wa magari. Huivaa Ijumaa akienda msikitini na siku akialikwa, siku nyingine inalala kwenye droo. Na kila Ijumaa akiitoa anaikuta imesimama. Basi shemeji mmoja akatamka sebuleni, watu wanakunywa chai, kwamba saa halisi ya Uswisi haisimami abadani. Neno hilo ndilo lililomleta kwangu.

Niliifungua mbele yake. Mashine yenyewe, skrubu hazijachokonolewa na mtu. Nikaijaza ufunguo, nikaiweka kwenye taimugrafu, kifaa cha kupima mapigo ya saa: inawahi sekunde 3 kwa siku, balansi, lile gurudumu linalocheza huku na huku, inakwenda digrii 290, mstari umenyooka. Nikafunga kifuniko, nikamwambia saa hii ni nzima kuliko nyingi zinazotoka mikononi mwangu zikiwa zimetengenezwa, na sichukui hata shilingi. Akalia. Mtu amejinyima miaka miwili, zawadi yake inatiwa doa na mtu ambaye hajawahi kufungua hata saa ya ukutani. Ndiyo sababu ninaandika.

Saa ya otomatiki haina betri. Ina springi iliyojikunja ndani ya pipa, na kipande kizito kinachozunguka mkono unapotikisika ndicho kinachoikaza springi hiyo. Ikiwa kwenye droo hakuna kinachoikaza, inakula akiba yake mpaka iishe. Mashine ya ETA 2824, ambayo utaikuta ndani ya saa nyingi za Uswisi za bei ya kati, hubeba akiba ya kama saa 38. Powermatic 80 ya Tissot, saa 80. Rolex yenye mashine ya 3235, karibu saa 70. Piga hesabu: ukivua ya saa 38 Ijumaa saa nne usiku, Jumapili adhuhuri imekwisha. Hata hiyo Rolex haifiki Jumanne. Sigiri haijaharibika kwa sababu makaa yameisha.

Lakini la kusimama naweza kulieleza kwa dakika mbili mtu akanielewa. Linalonichosha ni ndugu yake: kwamba kadiri saa ilivyo ghali ndivyo isivyokosea hata sekunde. Bwana mmoja alinirudishia saa ya mkewe mara nne kwa sababu inapishana na simu kwa sekunde 5. Mara nne! Kila mara namwonyesha karatasi, kila mara ananitazama kama ninayemficha kitu.

Siku nzima ina sekunde 86,400. COSC, taasisi ya Uswisi inayotoa cheti cha kronomita, yaani saa iliyothibitishwa usahihi wake, huipima kila mashine kwa siku 15, katika mikao mitano na viwango vitatu vya joto, na inakubali wastani kuanzia kuchelewa sekunde 4 mpaka kuwahi sekunde 6 kwa siku. Hizo ndizo zilizofaulu. Rolex wamejifunga kwa sekunde 2 mbele au nyuma. Omega zenye cheti cha METAS, taasisi ya vipimo ya Uswisi, kuanzia sifuri hadi 5 mbele. Hapo ni karibu na kilele kwa chuma kinachosukumwa na springi. Sasa chukua saa ya betri ya kawaida kabisa, ile unayoipata soko la Kikuubo bila kuvunja bajeti: inakosea kama sekunde 15 kwa mwezi mzima. Ndani yake kuna kipande cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, wakati balansi ya mashine nzuri ya Uswisi kwa kawaida inapiga mara 8. Mashindano ya usahihi yaliamuliwa tarehe 25 Desemba 1969, Seiko walipoanza kuuza Astron kule Tokyo, saa ya kwanza ya mkononi yenye fuwele kuuzwa. Tangu siku hiyo, anayetaka sekunde kamili hana haja ya springi.

Basi pesa inakwenda wapi? Inakwenda kwenye kingo za vyuma zilizosuguliwa na mtu mpaka zikang'aa. Inakwenda kwenye kesi, yaani mwili wa saa, isiyolegea. Zaidi ya yote inakwenda kwenye jambo ambalo wauzaji hawalisemi vya kutosha: saa hiyo inafunguka, inasafishwa, inabadilishwa gurudumu, na fundi ambaye hajazaliwa bado ataweza kuifanya iende. Nimewahi kuamsha saa ya ufunguo iliyolala sandukuni tangu mwenyewe alipofariki, mjukuu wake akaivaa siku ya harusi yake. Balansi ilipojitikisa mara ya kwanza, chumba kizima kilinyamaza. Hicho ndicho unachonunua. Ukikitaka, lipa, na usiidai sekunde ambazo haikuahidi.

Na tafadhali acheni kupima saa kwa kuutazama mshale wa sekunde. "Unateleza, basi ni halisi." Mashine nyingi za Kichina zinazotiwa ndani ya saa feki ni otomatiki vilevile, na mshale wake unateleza vilevile. Wakati huohuo Cartier Tank Must ya betri haina hata mshale wa sekunde, na ni Cartier kamili. Mapigo 8 kwa sekunde ni hatua ndogondogo ambazo jicho linaziunganisha, basi. Anayetaka mshale unaoteleza kweli bila hatua atafute Grand Seiko ya Spring Drive.

Kwa hiyo anayekuja kuniuliza anunue ipi kwa ajili ya mwenzake, simwonyeshi saa kwanza. Namuuliza: siku ya Jumatano saa tano asubuhi mwenzako anafanya nini, na mkono wake uko wapi? Wengi wanashangaa, wengine hawana jibu, na hilo lenyewe ni jibu. Anayevaa kila siku ofisini, otomatiki itamfaa. Anayevua akifika kazini, daktari, muuguzi, mpishi, fundi wa magari, mpe ya betri, na usione aibu. Kuna saa za betri za hadhi zisizodaiwa kitu. Mashine ya 9F ya Grand Seiko inakosea sekunde 10 kwa mwaka. Ila huko kwetu neno "betri" limekuwa kama tusi, na mtu yuko radhi ampe mkewe mashine itakayomsumbua kila wiki kuliko kusikia shangazi anasema, "Kumbe ni ya betri."

Mkoba wa bibi arusi nao uulizwe. Mikoba mingi ina kifungo cha sumaku, na vikava vya simu pia. Saa ya springi ikilazwa karibu na sumaku, miviringo ya springi nyembamba inayoongoza balansi inagandana, na saa inaanza kukimbia, dakika kadhaa kwa siku. Wateja wanadhani imekufa. Kuitoa sumaku ni kazi ya sekunde chache na bei ya soda, lakini wengine wameshatozwa pesa ya kusafisha mashine nzima. Ukiambiwa hivyo, uliza kwanza kama wameipima sumaku.

Kwa Waislamu kuna mambo mawili ambayo katalogi ya Geneva haiwezi kukwambia. La kwanza ni udhu. Mtu anayetawadha mara tano kwa siku atauoza mkanda wa ngozi kwa miezi, na lazima ailegeze saa ili maji yafike kwenye ngozi yake. Mnunulie mkanda wa chuma au wa mpira. La pili ni dhahabu. Bibi arusi anataka kumheshimu mumewe, anachagua ya dhahabu, na wanazuoni walio wengi wanamkataza mwanamume dhahabu. Zawadi inaishia kabatini au, vibaya zaidi, inaleta mabishano wiki ya kwanza ya ndoa. Ile iliyopakwa rangi ya dhahabu, nyingine haina chembe ya dhahabu, nyingine ina tabaka jembamba la dhahabu ya kweli. Mimi nitakwambia imeundwa na nini. Hukumu kamuulize sheikh wako kabla ya kulipa.

Maji: maandishi ya mita 30 ni mgandamizo wa maabara, saa ikiwa imetulia. Ni ya kunawa mikono. Mtu wa kuogelea Munyonyo au Entebbe anunuliwe ya mita 100 yenye kichwa, kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia saa, kinachofungwa kwa kuzungusha. Ukubwa: pima mkono wake kwa uzi akiwa amelala, masikio ya saa, pale mkanda unaposhikia, yasizidi upana wa mkono. Karatasi: namba iliyo kwenye kesi ilingane na ya kadi, na kadi iwe na tarehe na muhuri wa duka. Anayeletewa na ndugu kutoka Dubai ahifadhi risiti na aitangaze pale uwanja wa ndege wa Entebbe, kwa sababu VAT ya asilimia 18 ni nyepesi kuliko saa ya harusi kushikwa forodhani.

Kuhusu kusafisha mashine, vitabu vya ufundi vinasema kila miaka mitano. Rolex wanasema kama kumi. Mimi nimefungua saa iliyokaa miaka kumi na tano bila kuguswa nikakuta mafuta bado yako mahali pake, na nimefungua ya miaka mitatu ikiwa kavu kama mfupa. Siku hizi sitaji miaka. Naiweka kwenye taimugrafu kila mwaka, na balansi ikishuka chini ya digrii 220 ikiwa imejazwa ufunguo, naifungua. Mafundi wenzangu wengine wananiambia nachelewa, na kuna usiku ninadhani wana haki. Vilevile siwezi kumwahidi mtu kwamba saa inayowahi sekunde 3 mezani kwangu itawahi 3 mkononi mwake. Inategemea inalala kifudifudi au kwa ubavu usiku, anautumia mkono upi, joto la ngozi. Nimesawazisha saa mbili pacha, za mume na mke, zikatoka kwangu sawasawa, mwezi mmoja baadaye zimeachana kwa dakika tatu.

Sasa turudi kwa yule dada, maana kuna jambo lilikuwa bado. Saa ikisimama kila wiki, kila wiki itarekebishwa tarehe, na hapo ndipo watu wanapoiua. Kijitabu kinakataza kubadilisha tarehe kwa mkato kati ya 9 usiku na 3 alfajiri, kwa sababu meno ya gurudumu la tarehe yameshashikana. Sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili au Kiganda, mshale mfupi ukiwa kwenye 9 tunasema saa tatu. Mteja mmoja alisoma hiyo 9 kama saa tisa, akaepuka kuanzia saa tisa usiku mpaka saa tatu asubuhi, akawa anabadilisha tarehe saa nne usiku kwa moyo mweupe. Jino likakatika. Kwa hiyo nimemfundisha dada hivi: vuta kichwa, usogeze mshale mfupi ukae kwenye 6 ya chini, ndipo uguse tarehe uiweke ya jana, kisha uilete saa sahihi ukihakikisha umepita usiku wa manane mara moja.

Aliniuliza kama aiuze anunue ya betri. Ningekuwa nimeulizwa kabla ya arusi ningemwambia ndiyo, kwa kazi ya mumewe. Lakini mume haendi nayo gereji, anaiwekea Ijumaa, na kuiweka hivyo ni kuitunza. Nikamwambia aiache. Akauliza tena: "Na kuandika majina nyuma?" Wauzaji wengi watakwambia usiandike, bei itashuka ukiuza. Kuna saa zilizoundwa zikiwa na nafasi hiyo. Reverso ya Jaeger-LeCoultre ya mwaka 1931 inapinduliwa kesi nzima ili kioo kisivunjwe na mpira wa polo, na mgongo wake mtupu watu wakauandika majina. Saa ya mumewe ina kifuniko cha chuma kisicho na kioo, kinaandikika. Nikamwambia andika, ila ivaliwe Ijumaa nne kwanza.

Ijumaa walikuja wote wawili, kabla ya adhana. Mume ana mikono mipana yenye grisi isiyotoka kwenye kucha. Nikamwonyesha kichwa, nikamwambia azungushe mara 30 bila wasiwasi, otomatiki haijai ikapasuka. Akazungusha akihesabu kwa sauti, mkewe amesimama nyuma yake, na kwenye kumi hivi mshale wa sekunde ukaondoka.