Homa baada ya chanjo ya UVIKO-19 si ugonjwa wenyewe

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu: "Nilikuwa mzima, nikachomwa chanjo ya UVIKO-19, usiku homa, mwili wote unauma. Wametudunga ugonjwa." Maumivu hayo ni ya kweli, na mwenye kuyasimulia asiambiwe anadanganya. Kinachokosewa ni sababu.

Chanjo za UVIKO-19 zilizotumika hazina kirusi hai cha korona. Nyingine zina kirusi kilichouawa, nyingine kipande chake, nyingine hubeba maelekezo tu ya kukitengeneza kipande hicho. Homa, baridi, kichwa kuuma na mkono usionyanyuka vizuri ni kinga ya mwili ikifanya kazi. Kwa kawaida huisha ndani ya siku 1 hadi 3.

Wapo waliougua kweli baada ya sindano, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Dalili huchukua siku 2 hadi 14 kujitokeza tangu kuambukizwa, na kinga nayo huhitaji kama wiki 2 kujijenga. Mtu huweza kuwa alishaambukizwa kabla ya kuchanjwa, au akaambukizwa siku chache baadaye.

Kuhakikisha ni rahisi. Chanjo haileti kikohozi wala haipotezi uwezo wa kunusa. Ukiona hayo, pima. Kipimo cha puani hakisomi chanjo.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mwulize aliyeutuma anaendeleaje. Kama homa imepita siku 3, au kifua kinambana, aende kituo cha afya.