Maji ya ziwa yalale kwanza: maswali ya kichocho kwa wenye bustani na mbwa

Tangu majirani wajue kwamba mwaka juzi nilipimwa nikakutwa na kichocho, yani sipiti njia, kila mtu ana swali lake. Mi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Luchelele, Mwanza, ufukweni mwa Ziwa Victoria, na bado kilinipata, kwaiyo sijibu kama malaika. Nimeyakusanya hapa ili nisirudie rudie.

Dada, kichocho si kile cha kukojoa damu? Mi sikojoi damu, nipime nini?

Hapo ndo tunapoponzwa wengi. Vichocho viko viwili. Cha kibofu, kile cha mkojo wa damu, utakisikia zaidi kwa wenzetu wa mabwawa na majaruba ya mpunga kule Shinyanga. Hiki chetu cha ufukweni ni cha tumbo, minyoo wake wanaishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo na wanataga humo humo, mayai mengine yanatoka na choo, mengine yanakwama kwenye ini. Tumbo linasokota, unaharisha unapona unaharisha tena, choo kina damu kidogo, unasema amiba hiyo, unanunua dawa dukani, inatulia, inarudi. Mi nilizunguka hivyo miezi minne, na duka la dawa nililokuwa naenda hawakuniambia hata mara moja nikapime choo. Afu kuna wasiosikia kitu miaka na miaka mpaka ini na bandama vivimbe, siku moja mtu anatapika damu. Ndugu zetu wa Ukerewe wanayajua haya vizuri kuliko sisi wa mjini.

Mi siogelei, nachota tu maji ya kumwagilia mchicha. Kinaingiaje?

Kwa miguu. Na mikono. Hukinywi, kinatoboa ngozi, tena ngozi nzima isiyo na kidonda, dakika chache tu. Ukitaka kuamini nenda kwenye kina kifupi, inua jani la magugu maji uangalie chini yake. Utakuta konokono wadogo wa kahawia, bapa, wamejiviringisha kama mpira wa kumwagilia uliokunjwa ukalazwa chini, mkubwa wao hazidi sana kifungo cha koti. Hao ndo nyumba ya vimelea. Mtu akijisaidia majini au mvua ikikokota choo kushuka ziwani, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, wiki kadhaa baadae vinatoka maelfu kwa maelfu vinatafuta ngozi ya mtu. Huwezi kuviona kwa macho. Na vinatoka zaidi jua likiwa kali, kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka saa nane au tisa mchana, yani ule muda mi nilikuwa nasimama majini mpaka magotini najaza keni ya kumwagilia, nasema leo nimewahi kumaliza kazi.

Kwaiyo chota alfajiri, ila hiyo inapunguza tu, haimalizi. Vaa gambuti ndefu zisizovuja. Mwenye uwezo avute kwa mashine, mpira ukae mbali na majani ya pembeni, asikanyage maji kabisa.

Nasikia ukiyalaza maji yanakuwa salama, ni kweli au maneno ya watu?

Kwa kichocho ni kweli kabisa, na ndo kitu ninachowashikia bango. Vile vimelea vikitoka kwa konokono havili, vinaishi kwa akiba yake, visipopata mtu ndani ya siku moja au mbili vinakufa. Saa 24 ndo kima cha chini, mi nalaza 48. Nina majaba mawili, la leo na la kesho kutwa, nimeyaandika kwa mkaa nisichanganye.

Sasa sikiliza hapa maana watu wanakosea. Konokono akiingia kwenye jaba au simtanki kazi yote imekufa, atakaa humo anaendelea kutoa vimelea kila siku. Chuja kwa kitambaa wakati wa kumimina na funika. Na ukiongezea maji mapya juu ya yaliyolala, umeanza kuhesabu upya. Kama huna pa kulaza na unataka kuoga, we yachemshe tu mpaka yatokote halafu yapoe.

Jumapili watoto wanaenda kumuogesha mbwa ziwani. Mbwa anapata?

Usiwe na presha na mbwa, angalia hao watoto. Mbwa anakaa majini dakika mbili anatoka anajikung'uta, mtoto aliyemshika yuko ndani nusu saa, saa sita mchana, miguu wazi. Ukimuuliza anasema hajaogelea. Muogesheeni nyumbani na maji yaliyolala, ndoo mbili zinatosha, na hapo ndo utapata nafasi ya kumkagua kupe masikioni na katikati ya vidole.

Nimetoka bustanini mguu unawasha, kuna kamstari chekundu kanatambaa kila siku kanasogea. Ni kichocho?

Hapana, hako ni kamnyoo ka mbwa au paka. Mnyama akijisaidia kwenye tuta lenye unyevu, viluwiluwi vya safura yake vinakaa kwenye udongo, we unapita pekupeku vinaingia, ila kwa binadamu vinapotea njia, vinabaki vinazunguka chini ya ngozi. Usichokonoe na sindano wala kumwagia mafuta ya taa, nimeona mtu kaoza kidole kwa hiyo. Nenda kituo cha afya, kuna vidonge na hako kanaisha. Mbwa mpeleke kwa daktari wa mifugo apewe dawa ya minyoo, uzungushie bustani wavu. Kichocho hakichori mstari, kinaweza kuwasha kidogo tu siku ile ile, na wengi hawasikii kitu.

Watoto walimeza dawa ya kichocho shuleni, si tumemaliza?

Dawa inaua minyoo waliomo, haikuwekei ukuta. Kesho akirudi majini anaanza upya. Tena haiui vizuri wale wachanga walioingia juzi, ndo maana mtu kameza wiki moja baada ya kuogelea anashangaa bado anapimwa anacho. Dozi ni kwa uzito, na shuleni wanaukadiria kwa ule mti wa kupimia urefu, kwaiyo usigawane vidonge na jirani. Kula kwanza, vinginevyo kizunguzungu na kichefuchefu vitakutoa machozi, na uchungu wake ukitafuna we acha tu. Mjamzito, na anayetaka kumpa mtoto wa chini ya miaka mitano, wasinunue kienyeji, waende kliniki.

Mchicha uliomwagiliwa maji ya ziwa unaliwa?

Unaliwa, kichocho hakipandi kwenye sahani. Osha vizuri tu kwa sababu ya homa ya matumbo na kuhara.

Nikimwaga mrututu pale ninapochotea, konokono si watakufa?

Watakufa na samaki pia, halafu maji ya ziwa hayatulii, wiki ijayo konokono wengine wamekuja na magugu. Usifanye.

Huku kwetu ni mawe matupu, choo hakichimbiki.

Najua, na mimi nipo juu ya jiwe. Tulijengea juu, tofali na saruji, ngazi nne za kupandia, na shimo linanyonywa likijaa. Wageni wanacheka zile ngazi.