Walianza na pamba

Kila ninapofundisha Vita vya Maji Maji, darasa hukimbilia kwa mganga Kinjikitile Ngwale na dawa yake ya maji, iliyoaminiwa kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mimi huwarudisha kwanza shambani.

Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja kusini mwa pwani. Jumbe, mkuu wa kijiji, alitengewa shamba, watu wake wakalilima kwa zamu, na akida, ofisa wa serikali aliye juu ya majumbe, akahakikisha hakuna anayekwepa. Ubaya wa zamu ulikuwa kalenda: pamba ilidai palizi na kuchumwa wakati uleule mtu alipotakiwa kuwa kwake, akiamia ndege na kukesha akiwafukuza nguruwe. Malipo yalikuwa haba mno hata wengine wakayakataa.

Basi Julai 1905, huko Nandete Umatumbini, hakuna aliyeanza kwa kumrukia Mzungu. Waling'oa mashina machache ya pamba. Tangazo la vita gani lingeeleweka kuliko hilo? Aliyeng'oa mche wa serikali alijua fika kwamba akida atakuja, na aling'oa akimsubiri.

Pamba haikuwapo kila mahali vita vilipofika, na hapo ndipo ninapompa Kinjikitile nafasi yake. Maji, mafuta ya mbarika na punje za nafaka viliwapa watu wasiokuwa na mfalme mmoja kiapo kimoja. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini wajumbe wake, mahongo, walikwisha kusambaa. Tarehe 30 Agosti maelfu waliivamia boma ya Mahenge wakakutana na bombomu, bunduki za rashasha. Imani ya risasi kugeuka maji ilivunjika pale, vita havikuvunjika.

Watu walipogeukia kuvizia msituni, serikali chini ya Gavana von Götzen ilikishambulia chakula. Vijiji vilichomwa, maghala yakateketezwa, mashamba yakaharibiwa. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 hadi 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. (Nikisoma kwamba vita “vilizimwa” mwaka 1907, neno hilo hunikera.)

Gavana aliyefuata, Rechenberg, hakuyaendeleza mashamba yale ya lazima. Kusini kulikuwa kumepungua watu wa kulima chochote. Pori likarudi, na nguruwe na tembo wakarudi nalo. Sehemu ya ardhi hiyo baadaye ikaingizwa katika Pori la Akiba la Selous.