Mapenzi na mapambano kwa rubani wa kivita: maana yake

Mapenzi na mapambano miongoni mwa marubani wa ndege za kivita ni hali ya mtu kupenda na kupigana ndani ya siku moja, jioni akiwa na mpenzi wake na asubuhi akiwa vitani. Askari wa miguu humuaga mchumba wake, akaenda mstari wa mbele kwa miezi mingi, wakabaki kuunganishwa na barua. Rubani anayelinda anga ya nchi yake hurejea kituoni kila mara, kwa kuwa mafuta ya ndege yake hayamruhusu kukaa angani muda mrefu, na kwa hiyo kuagana kwake na ampendaye hakuna mwisho.

Hali hiyo ilionekana wazi Uingereza mwaka 1940, katika vita vya anga dhidi ya Ujerumani, vya kuanzia Julai hadi Oktoba. Ndege za Spitfire na Hurricane ziliruka kutoka viwanja vya nyumbani, na rubani aliyenusurika mchana aliweza kuwa dansini usiku huohuo. Baadhi ya wapenzi wao walikuwa wasichana wa jeshi la anga waliofanya kazi katika vyumba vya kuongozea mapambano, ambako alama za vikosi zilisogezwa kwa vijiti virefu juu ya meza kubwa ya ramani. Msichana aliyekijua kikosi cha mchumba wake aliiona alama yake ikikaribia ya adui, naye hakuwa na ruhusa ya kusita, maana kusita kwake kungewaponza wengine.

Upande unaosahaulika ni upendo wa marubani wao kwa wao. Kwa kawaida ndege za kivita huruka mbilimbili: anayeongoza hushambulia, na mwenzake humlinda nyuma, mahali asipoweza kupaona. Kumkabidhi mtu mgongo wako namna hiyo, kwa maoni yangu, ni upendo kamili hata kama hauna mahaba ndani yake.

Katika Umoja wa Kisovyeti pande hizo mbili zilikutana, kwa sababu huko wanawake nao walirusha ndege za kivita. Lidiya Litvyak, aliyepigana katika anga ya mji wa Stalingrad, alipendana na Aleksei Solomatin, rubani wa kikosi chake. Mei 1943 Solomatin alikufa ndege yake ilipoanguka. Litvyak aliendelea kuruka, na tarehe 1 Agosti mwaka huohuo hakurejea kutoka vitani, akiwa hajatimiza miaka 22. Kumwona kama mjane wa moyo aliyekifuata kifo ni kumdhulumu, kwani alikuwa rubani hodari kabla ya kupenda na baada ya kufiwa.

Wengine walibeba mapenzi yao hadi kwenye bodi la ndege. Mmarekani Richard Bong, aliyetambuliwa kwa kuangusha ndege 40 za Japani, aliweka picha ya mchumba wake, Marge, kwenye pua ya ndege yake ya kivita, P-38. Alirudishwa nyumbani akiwa hai, wakafunga ndoa Februari 1945, akapewa kazi ya kujaribu ndege za jeti. Tarehe 6 Agosti mwaka huo alikufa katika ajali ya ndege huko California, mbali kabisa na uwanja wa vita, akamwacha Marge mjane baada ya miezi sita ya ndoa.